Ordinatere ni kazi ya nani?

Ndugu msomaji, tukuulize swali moja mbele ya kuanza. Je, wewe umekwisha kutumia ordinatere, ile ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaita kompyuta? Usijibu mbio. Tunajua wengi wa Wamaza, Kasongo na Kabambare watasema: "Miye? Hata siku moja! Yale ni mambo ya watu wa Kindu."

Lakini kumbuka tarehe 30 Desemba 2018. Kama ulipiga kura kwa mashini ya uchaguzi ule, uligusa kwa kidole picha ya mtu uliyemchagua, kisha karatasi ikatoka. Mashini zile, karibu 105,000 kwa inchi yetu nzima, zilitengenezwa na kompanyi Miru Systems ya Korea ya Kusini, na kila moja ilikuwa ordinatere. Tarehe 20 Desemba 2023 zilitumiwa tena. Na kama uko na karte ya elektere, kuna siku uliketi kwenye kiti, wakapiga picha yako, wakakamata alama za vidole vyako, na mtu akaandika jina lako kwenye klavie. Tena, kama unatuma franga kwa telefone ili mtoto alipe masomo, unatumia ordinatere zaidi ya moja bila kuziona: ile ndogo iko mkononi mwako, na zile kubwa ziko kwa kompanyi, zinaandika nani ametuma, nani amepokea, na franga ngapi.

Basi tusiulize tena ordinatere itafika kwetu siku gani. Imekwisha kufika. Tuulize hivi: nani kati yetu anajua namna inavyofanya kazi, na nani anabaki kuweka kidole pahali wengine wamemwonyesha?

Mazungumzo ya jioni

Sikiliza mazungumzo haya. Labda yalikwisha kupita nyumbani kwako, au kwa jirani.

"Baba, ninataka kwenda Kindu kujifunza informatike."

"Infor-nini? Ile ya kuangalia sinema?"

"Hapana, Baba. Kazi ya ordinatere."

"Mwanangu, wenzako wa rika yako wako kwenye shimo, kila juma wanaleta kitu nyumbani. Ordinatere njo itajaza sufuria ya mama yako?"

Na mama, akipepeta mchele pale pembeni, anaongeza: "Tena dada yako naye anasema vilevile. Msichana peke yake mjini, mbele ya mashini, nani atakuja kumuoa?"

Vijana, msimcheke baba huyu. Na wewe mama, usifikiri tunakutukana. Baba ana haki ya kuuliza juu ya sufuria, sababu yeye njo anailisha. Mama ana haki ya kuogopa mji. Lakini maneno haya yanachanganya mambo ya kweli na mambo ya kusikia tu. Tuyachambue moja moja, kama vile mama anavyopepeta mchele wake: punje upande huu, kapi upande ule.

"Ni kitu cha wazungu"

Hili ni neno la kwanza. Ordinatere ilizaliwa Ulaya na Marekani, kwa hiyo, wanasema, si yetu.

Chukua telefone yako, tuifungue. Kwa mawazo tu, usiivunje! Ndani utaona kipande bapa chenye vidude vidogo vingi. Vimeshikwa na nini? Vimeshikwa na bati, na bati inatoka katika kasiterite. Karibu nusu ya bati yote ya dunia inatumiwa kwa kazi hiyo ya kushikanisha vipande vya umeme. Sababu yake ni nyepesi: bati inayeyuka kwa joto la digri 232, basi fundi anaweza kuiyeyusha kwa chuma kidogo cha moto bila kuunguza vingine vyote. Kati ya vidude hivyo, kuna vingine vidogo kuliko punje ya mchele, vyenye kuweka umeme kidogo na kuuachilia kwa kipimo. Vingine vya namna hiyo vinafanywa na unga wa tantale, na tantale inatoka katika koltani. Pahali umeme unapitia kutoka kipande kimoja kwenda kingine wanapaka dhahabu nyembamba sana, sababu dhahabu haipati kutu.

Kasiterite, koltani, dhahabu. Je, kuna mtoto wa Maniema asiyejua majina haya? Kompanyi Symetain ilianza kuchimba bati katika Maniema tangu miaka ya 1930. Kule Namoya, katika teritware ya Kabambare, dhahabu ilichimbwa tangu wakati wa ukoloni.

Sasa angalia jambo hili kwa makini. Dhahabu iliyo ndani ya telefone moja haifiki sehemu ya kumi ya gramu moja. Tantale vilevile. Bati ni kidogo tu. Ukijumlisha mawe yote yaliyo ndani, bei yake haifiki hata karibu na bei uliyolipa kwenye butike. Basi ulilipa nini? Ulilipa akili. Ulilipa kazi ya wale waliojua kuyasafisha mawe, kuyapanga, na kuandika maagizo ambayo mashini inafuata.

Kwa hiyo mtu wa Maniema hawezi kusema ordinatere si jambo lake. Mawe yalitoka mikononi mwake. Kitu ambacho bado hakijatoka kwake ni ujuzi. Na ujuzi ndio unaolipwa zaidi.

Hata serikali iliogopa

Tusifikiri ni sisi peke yetu wenye kusitasita. Tuvuke ziwa Tanganyika, twende kwa majirani wetu wa Tanzania.

Pale, ordinatere ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha miaka ya 1960. Wakuu walitumaini itaharakisha hesabu za inchi. Lakini mambo hayakwenda vema: mashini zilikula pesa nyingi, wenye kuzijua walikuwa wachache na wengi wao wageni, na hesabu zikachafuka. Mwaka wa 1974 serikali ikakata shauri: ikakataza kuingiza ordinatere katika inchi. Katazo lile lilikaa miaka mingi, likalegezwa kidogo kidogo.

Je, walikosa? Kwa upande mmoja walikuwa na sababu: kununua mashini bila kufundisha watu ni kutupa pesa. Lakini miaka ile yote ya katazo ilikuwa pia miaka ambayo vijana wengi hawakujifunza. Na ona namna mambo yalivyogeuka. Desemba 2004, miaka 30 baada ya katazo, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao walitoa programu za kuandika na kuhesabu zenye kusema Kiswahili. Waliziita Jambo OpenOffice. Inchi ile iliyofunga mlango njo ilikuja kufundisha mashini lugha ya nyumbani.

Hapa tunapata mambo mawili. La kwanza: mashini bila mafundisho ni hasara, hata kwa serikali. La pili: yule anayesema "sijui Kifaransa vizuri, kwa hiyo ordinatere si yangu" ajue kwamba ordinatere haina kabila wala lugha ya kuzaliwa nayo. Inasema lugha ambayo watu wake wamekubali kuhangaika nayo. Na Kiswahili kimekwisha kuingia ndani.

"Haijazi sufuria"

Turudi kwa baba yetu na sufuria yake. Kwa kweli, kijana anayeingia shimoni leo anaweza kutoka na franga juma hili. Kijana anayejifunza informatike anakula franga za nyumbani mwaka mmoja, miwili, mitatu. Hatutaficha jambo hilo.

Lakini tuulize wazee. Wakati wa kampuni kubwa, wakati wa Symetain na wakati wa SOMINKI iliyotumika tangu 1976 mpaka 1997, ni nani aliyeheshimiwa katika kambi? Mwenye nguvu za mikono aliheshimiwa, ndiyo. Lakini kila mzazi alitamani mtoto wake awe karani. Kwa nini? Sababu karani njo alishika kalamu na kitabu. Aliandika uzito, aliandika siku za kazi, aliandika jina. Mtu ambaye hakujua kusoma alipaswa kuamini tu yale karani ameandika.

Leo kitabu cha karani kimeanza kuingia katika mashini. Tutoe mfano wenye kujulikana na wachimbaji. Mwezi wa Julai 2010 sheria moja iliandikwa Marekani, yenye kulazimisha makampuni kueleza kama bati, tantale, tungsteni na dhahabu yao inatoka Kongo ao kwa majirani wake. Kisha, Septemba 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Ulifunguliwa tena Machi 2011. Wazazi wengi wanakumbuka miezi ile: watoto walirudishwa masomoni kwa kukosa kulipa, na chumvi ilikuwa ngumu kupatikana.

Baada ya hapo mpango wa etiketi ulienea. Ulianza Katanga mwaka wa 2011, kisha ukafika Maniema. Namna yake ni hii: mfuko wa mawe unapimwa, unafungwa etiketi yenye namba, na namba hiyo inaandikwa katika kitabu pamoja na uzito, tarehe na pahali. Kwa negosian inafungwa etiketi nyingine, nayo inaandikwa. Kisha maandishi yale yanaingizwa katika ordinatere, ili mnunuzi aliye mbali sana aweze kujua mfuko ulitoka wapi.

Sasa wewe kreseur, jiulize: mfuko wako una namba, namba yako iko katika mashini, na mashini inajua kilo zako. Wewe mwenyewe unazijua? Uliandika namba? Unaweza kulinganisha uzito wa shimoni na uzito wa kwa negosian? Kama huwezi, basi wengine wanahesabu jasho lako na wewe unangoja kuambiwa.

Hii njo sababu tunasema ujuzi huu haupigani na kazi ya mikono. Si lazima kila mtoto aache jembe na nyundo. Lakini katika kila jamaa, awepo angalau mmoja ambaye akionyeshwa orodha ya namba kwenye ekra, macho yake hayapotei. Huyo atawatetea wote. Sufuria haijazwi na yule anayeleta peke yake. Inajazwa pia na yule anayezuia isipunguzwe njiani.

Tuongeze jambo moja. Januari 2016 kompanyi Banro ilitangaza kwamba kiwanda chake cha dhahabu cha Namoya kimeanza kutoa mali kwa kiasi cha biashara. Kazi ile ilisimama mwaka wa 2019 wakati usalama ulipoharibika. Lakini kiwanda cha namna ile kinaonyesha uchimbaji wa siku hizi ulivyo: mbele ya kuchimba, wanachora mlima ndani ya ordinatere, wakati wa kusaga, mtu anaangalia kipimo kwenye ekra. Vyote hivi vinahitaji watu waliofundishwa. Siku kiwanda kinafunguliwa pahali popote, haina saa tena ya kuanza kujifunza. Wanakamatwa wale waliokwisha kuwa tayari.

"Si kazi ya msichana"

Mama, sasa ni zamu yako. Unaogopa mji, na hofu yako si ya bure. Msichana anayetumwa mjini bila jamaa ya kumpokea, bila franga ya kulipa nyumba, anaweza kupata taabu. Lakini angalia vizuri: hatari hiyo haitoki kwa mashini. Hata akienda kujifunza kushona atakutana nayo. Dawa yake ni kumtafutia shangazi ao mama wa kanisa wa kukaa naye. Kumnyima masomo si dawa.

Kuhusu kazi yenyewe, historia inatushangaza. Mwaka wa 1946 Wamarekani walionyesha dunia ordinatere kubwa iliyoitwa ENIAC, iliyojaza chumba kizima. Ni nani aliyeipangia mahesabu? Wanawake sita. Waandishi wa wakati ule walisifu mashini na mabwana walioijenga. Wale wanawake sita walikaa miaka mingi bila kujulikana. Kwa hiyo msichana anayeketi mbele ya klavie hachukui kazi ya mwanaume. Anarudi pahali mama zake walianzia.

Na kwetu Kongo? Mwaka wa 2013 watu wa Kinshasa waliona kitu kigeni kwenye njia panda: roboti kubwa za aluminiamu, zenye mikono na taa, zenye kusimamisha magari na kuruhusu wanaokwenda kwa miguu wapite. Zilipata umeme kutoka jua, na zilikuwa na kamera. Mbele ya wale waliozitengeneza alikuwa mwanamke, injinia Thérèse Izay Kirongozi. Waandishi waliokuja kutoka inchi za mbali walisikia madereva wakisema wanaiheshimu roboti kuliko polisi wa barabara, sababu roboti haiombi kitu! Ukicheka, cheka, lakini usisahau: mama wa Kongo, pamoja na wenzake Wakongo, njo walifanya ile.

Tena tazama sokoni. Tangu Novemba 2012 Vodacom ilipoleta M-Pesa katika Kongo, miaka mitano baada ya kuanza Kenya mwezi wa Machi 2007, kazi ya kutuma na kupokea franga kwa telefone imeshikwa na watu wengi, na kati yao mama wengi. Mama anayekaa chini ya mwavuli wake, anaandika namba, anahakikisha jina, anachunga neno la siri, jioni anahesabu kama franga za mkononi zinalingana na zile za telefone: huyu anafanya kazi ya ordinatere. Hakuna aliyemwambia hivyo, na yeye mwenyewe hajijui. Mama, kama binti yako anafanya kazi hiyo vizuri bila kudanganya na bila kudanganywa, usiseme hana akili ya mashini.

"Ukipata breve, umepata kazi"

Mpaka hapa tumesema na wenye kuogopa. Sasa tuseme na wenye kupenda kupita kiasi. Hao pia wako, hasa kati ya vijana. Wanafikiri mtu akipata breve ya informatike, akiitia katika plastiki na kuitundika ukutani, mlango wa biro utafunguka wenyewe.

Hapana, kijana. Karatasi haitumiki, mtu njo anatumika. Kuna pahali pengine ambapo wanafunzi ishirini wanazunguka mashini moja, mwalimu anagusa, wao wanaangalia, na baada ya miezi miwili kila mmoja anapewa breve nzuri yenye muhuri. Akifika kwenye kazi, hajui hata kuhifadhi barua aliyoiandika. Mzazi amekwisha kuuza mbuzi wawili.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa, uliza maswali haya:

1. Wanafunzi wangapi kwa mashini moja? Na mimi nitaishika masaa mangapi kwa juma?

2. Umeme unatoka wapi? Kama jenereta ikikosa mafuta, masomo yanafanyika namna gani?

3. Nikimaliza, nitajua kufanya nini kwa mikono yangu mwenyewe: kuandika barua, kupanga hesabu, kutengeneza mashini iliyoharibika, kuandika programu?

4. Wale waliomaliza mwaka jana wanatumika wapi? Ninaweza kuzungumza na mmoja wao?

5. Karatasi yenu inakubaliwa na serikali?

Mwenye masomo mazuri hatakasirika ukimuuliza. Mwenye kukasirika amekwisha kukujibu.

Tujue pia kwamba kazi ya ordinatere nayo ina shimo lake. Januari 2023 gazeti Time la Marekani liliandika habari za vijana wa Nairobi waliotumika kwa kompanyi Sama. Walisoma maandishi ya ukatili na uchafu mchana kutwa, ili kufundisha mashini za kompanyi OpenAI kuyatambua na kuyakataa. Mshahara wao ulikuwa kati ya dolari 1.32 na 2 kwa saa, na wamoja walisema mambo waliyoyasoma yaliwasumbua rohoni. Waliketi kwenye kiti kizuri, chini ya taa, lakini jasho lao nalo lilihesabiwa na wengine. Kwa hiyo usikimbilie kila kitu chenye kungaa. Uliza bei, uliza masaa, uliza masharti, sawasawa na unavyouliza kwa mwenye shimo.

Kuanza bila umeme

Wengine wenu mnatuambia: "Sawa, tumesikia. Lakini huku kwetu hakuna umeme, na ordinatere haipatikani. Tuanze wapi?"

Anza na yale yasiyohitaji umeme. La kwanza ni kusoma vizuri na kuelewa unachosoma. Mashini inaandika maneno, na asiyesoma hawezi kuiongoza. La pili ni hesabu. Mtoto anayechukia hesabu leo, asitumaini ordinatere itamhesabia kesho: inafuata tu maagizo, na ukiiagiza vibaya, inakosea mbio kuliko mtu. La tatu ni kupanga mambo. Mwambie mtoto aandike, hatua kwa hatua, namna ya kupika bugali: maji lini, unga lini, kukoroga mara ngapi. Akisahau kuandika "weka moto", chakula hakitaiva. Kuandika programu ni kazi ya namna hiyo: kusema kila hatua, bila kuruka hata moja. La nne ni kuvumilia kosa. Mwenye kutupa kitu akikosea mara moja, atatafuta kazi nyingine.

Kisha tumia kile kilichopo. Telefone yenye kikokotoo inafundisha hesabu za duka. Yenye ekra kubwa inaweza kuwa na kitabu, ramani, kamusi. Pano ya jua inayotia umeme katika telefone za majirani inaweza pia kulisha ordinatere ndogo ya kubeba masaa machache. Kijana anayetengeneza telefone sokoni, kwa chuma chake cha moto na waya wa bati, asionekane kama mtu aliyeshindwa masomo. Ni fundi. Mtumeni mtoto akae naye wakati wa likizo, ajifunze.

Na kazi zenyewe, zipo hapa karibu? Chache, lakini zipo. Katika biro kuu ya zone ya afya kuna karatasi za kila mwezi kutoka vituo vya afya: watoto wangapi wamechanjwa, mama wangapi wamezaa, malaria ngapi. Karatasi hizo zinaingizwa katika programu iitwayo DHIS2, ambayo wizara ya afya inaitumia kujua dawa zinahitajiwa wapi. Namba ikiandikwa vibaya, zone inaweza kukosa dawa. Kuna majina ya wanafunzi wa kuandika, kuna vitabu vya ubatizo na ndoa vyenye kuliwa na mchwa, kuna hesabu za vyama vya wachimbaji. Yote haya yanahitaji mtu mwaminifu mwenye vidole vinavyojua njia.

Turudi nyumbani

Tumwache wapi baba yetu? Ameketi palepale, moto unapungua. Labda hana franga ya kutuma watoto wawili Kindu mwaka huu, na hatumlaumu. Lakini anaweza kufanya mambo matatu bila franga nyingi. Anaweza kuacha kucheka neno lile "informatike". Anaweza kumwambia kijana: "Leta kalamu. Kuanzia leo wewe njo utaandika namba na uzito wa kila mfuko wangu, tuone kama unajua hesabu kweli." Na anaweza kumwita binti pia, aketi karibu na kaka yake, aangalie kama kaka hakukosea.

Siku ile kijana na binti wataanza kazi ya ordinatere, hata kama ordinatere yenyewe bado iko mbali. Na siku itakapofika kwenye mlango, haitakuta watu wenye kuogopa, wala watu wenye kuiabudu. Itakuta watu wenye kujua kuuliza: "Hii inahesabu nini, kwa faida ya nani, na mimi nitaionyeshaje njia?"

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi vya vijana

1. Katika jamaa yetu, nani anaandika hesabu za mavuno, za duka ao za shimo? Wengine wanaweza kuzisoma?

2. Kuna msichana ao mvulana kati yetu ambaye tumemkatisha tamaa kwa maneno? Tulimwambia nini?

3. Kama wazazi wangekuwa na franga ya masomo ya mtoto mmoja tu, wangechagua yupi? Kwa sababu gani?

4. Fundi wa telefone wa sokoni kwetu, tunamheshimu sawa na fundi seremala? Kama hapana, kwa nini?